Kizibo cha Mkunazi

Matrah, baada ya alasiri

Mwanangu Khalfan,

Salamu zangu nimezikunja pamoja na kanzu zako, utazikuta kila ukifungua kasha, kwa hivyo sizirudii hapa. Saa hii uko Maskati unaagana na wenzako, na huna budi kutoka kabla milango ya mji haijafungwa. Miye nimekaa chini dirishani, ubao wa kukatia nguo uko mapajani, nnaandika. Muda nnao huo tu, na hati yangu ni nzuri lakini si ya haraka. Mwalimu wetu kule Unguja alikuwa akiwaonyesha wenzangu daftari langu. Niliishia darasa la nne, lakini niliishia mbele.

Mambo ya kuvaa na kula sikuandikii. Kufua unajua, kupika wali unajua, nimekufundisha miye, na nani mwengine mtaa huu anayejua kufundisha? Kesho alfajiri punda atakufikisha Hail, gari la mizigo litakupakia kule ufukweni, na ukishavuka mpaka bila ya waraka wa rukhsa wa Sultani ndiyo basi, huku hurudi mpaka Mungu abadilishe mambo. Hilo tumelisema na tumelilia. Limebaki moja ambalo hatujalisema.

Mjomba wako Abdalla alipotuandikia kutoka Kuwait alikutajia kazi mbili. Ya kwanza bandarini, kupakua magunia ya saruji. Ya pili katika karakana yenye makerezo sita ya kuchongea chuma, mwenyewe anatafuta mtu wa kukereza vipuri vya kuagizia, vya chuma na vya plastiki ngumu, kimoja kimoja, kila kimoja na kipimo chake. Mjomba wako akasema amekwisha kukusifu, mwenyewe anakungoja. Na wewe ukachukua kalamu mbele yangu ukaandika: Ntabeba magunia, mimi si mkereza.

Bahasha ile niliifunga miye. Niliilamba gundi kwa ulimi wangu huu.

Khalfan, wewe ni mkereza. Miaka miwili hujalitia mkono kerezo kwa sababu unaamini mkono wako ulimuua Mbarak, yule mtu wa kisimani. Haukumuua. Bushi ya pampu uliyomkerezea ilikuwa sawasawa na kipimo ulichopewa, na kipimo nilikiharibu miye, nikakudanganya, na baba yako nikamdanganya. Nimekwisha kuandika. Sasa ntakueleza ilivyokuwa, na usome mpaka mwisho.

Nianze mbali kidogo, ujue nilikuwa mtu gani.

Ulikuwa na miaka kumi na minne tulipoondoka Unguja mwaka ule wa kuuana. Tuliambiwa kila mtu na furushi lake moja. Wenzangu walishona dhahabu ndani ya magauni. Miye nilipasua mto, nikaitia maikromita ya baba yako, chombo chake cha kupimia chuma, katikati ya sufi, nikaushona tena. Pale bandarini askari aliutia singe ule mto mara mbili. Sikupepesa jicho. Nikamwambia, "Mwanangu mkubwa unamwona, lakini bado hulalia mto wa mama'ke." Akacheka, akanipitisha. Wewe ukanuna siku tatu kwa aibu. Lakini chombo kile ndicho kilichotulisha Matrah, na nani aliyekileta? Nilimsimulia kila aliyekuja nyumbani. Nilipokuwa sina wa kumsimulia nilimsimulia baba yako, naye alikuwepo.

Baba yako alilikuta kerezo kuukuu, limetupwa nyuma ya ghala na watu waliokwenda zao. Alilifungua lote, akalipaka mafuta, akalifunga na injini ya dizeli kwa ukanda. Kelele zake zilifika hadi sokoni. Watu wakatucheka. "Wazinjibari wameleta kinu cha kusagia chuma," wakasema. Hawakucheka muda mrefu. Nchi hii kipuri hakiji bila ya rukhsa, na rukhsa haitoki. Pampu ikiharibika kisimani, mitende inakauka na watu wanahama. Kwa hivyo wakaanza kutujia, wengine mwendo wa siku mbili, na vyuma vyao kwenye makanda ya tende.

Macho ya baba yako yalipoanza ukungu, nani aliyemsomea maikromita? Miye. Sehemu moja ya elfu ya inchi naiona kama nnavyoiona chembe ya mchele kwenye ungo. Wewe ulipokamata kisu cha kerezo, baba yako alisimama nyuma yako siku moja tu, ya pili akaenda kukaa. "Huyu amezaliwa na mkono wake," akaniambia. Kile kigurudumu cha cherehani ya Bi Zuwena, ulichokikereza kutoka kwenye kipande cha plastiki nyeusi, mpaka leo kinakwenda. Nilimkumbusha kila akipita. Hata akija kutaka chumvi nilimkumbusha. "Cherehani inakwendaje, Bi Zuwena?" Maskini, alikuwa jirani mwema, lakini nilimchosha, na mtu ukimchosha naye hutafuta pa kukuchoma.

Vizibo unavijua kuliko miye, lakini acha nivitaje, nisije nikaruka kitu. Wale watu wa visimani wakivunjikiwa bushi, ile pete nene ya shaba inayoushika mhimili wa pampu, mwili wa pampu hawawezi kuuleta, umejengewa kwa saruji. Basi hukata kipande kibichi cha mkunazi, wakakichonga, wakakigongomea ndani ya tundu la bushi mpaka kikashika umbo lake, halafu wakakitoa na kukifunga kitambaa cha maji, na njia nzima hukirushia maji ili kisisinyae. Baba yako alikuwa hana sheria nyingi karakana ile, ila hiyo: kizibo hakifunguliwi ila na mpimaji, kikifunguliwa hupimwa hapohapo, na namba huandikwa kichwani mwa mti kwa kalamu ya risasi. Kazi ikisha hutungwa kwenye waya ukutani. Havitupwi. Vilikuwepo zaidi ya mia ukuta ule.

Mbarak alikuja siku ambayo baba yako yuko kitandani wiki ya pili na homa ya kifua, na wewe umekwenda Maskati kutafuta shaba. Unamkumbuka alivyokuwa, mtu mrefu, mwenye haya, haingii mpaka umwite mara tatu. Hakuingia. Alisimama mlangoni akanipa kizibo kwa mikono miwili, kama mtu anayekupa kichanga.

"Mama, mpe mwanao kama kilivyo," akasema. "Kitambaa kina maji. Usikifungue."

Nikamwambia, "Baba, unamwambia nani? Mume wangu na mwanangu wanakereza, lakini wanaopima ni watatu."

Akacheka. Akaenda kulala msikitini, akasema atangoja.

Sasa ndiyo akapita Bi Zuwena. Kelele za kerezo zilikuwa hazijasikika siku kumi. Akachungulia ndani akasema, "Eh, shoga, kumbe ndiyo mmefunga? Mzee kaanguka, na kijana wenu nani atamwaminia pampu yake? Cherehani ni cherehani."

Khalfan, angelinipiga kofi nisingelisikia uchungu ule. Nikamwambia, "Nani atamwaminia? Njoo uone." Nikakichukua kizibo, nikakifungua kitambaa, nikamtilia mbele ya macho. "Hiki kimetoka nyuma ya milima, kimepita mafundi wote njiani hawakukitazama, kimekuja kumtafuta Khalfan." Akakishika, akakigeuza. Wakaja na wengine wawili watatu. Nikakiweka juu ya ukuta wa baraza, pale panapopigwa jua kutwa nzima, apitaye akione. Kila aliyeuliza nilimwambia. Nilifurahi. Sikufichi, siku ile nilifurahi kama siku ya harusi.

Nilikuwa nnajua sheria ya baba yako. Usije ukadhani nilisahau. Nilijiambia, kwa muda mdogo tu, ntakifunga kabla ya adhuhuri. Halafu baba yako akazidiwa, nikashughulika naye, nikakanda kifua, nikapika uji, na jua la kiangazi la hapa wewe unalijua. Kizibo kikakaa juu ya ukuta siku ile, na siku ya pili mpaka karibu na magharibi. Nilipokwenda kukitwaa nikaona kichwani kina ufa, mwembamba kama unywele. Nikakichovya kwenye ndoo. Ufa ukajifunga, nikausugua kwa kidole sikuuona tena. Nikakifunga kitambaa cha maji, nikakirejesha mahala pake. Wewe ukarudi siku ya tatu asubuhi.

Na uliniuliza. Hili ndilo nililolibeba miaka miwili. Ungelikuwa mzembe ningelipata pa kujishikia, lakini uliniuliza. Ulikuwa umekishika mkononi, bado hujakifungua, ukasema, "Mama, kimekaa na maji yake siku zote?"

Nikakujibu, "Tangu kilipokuja sijakigusa."

Hukunitazama mara ya pili. Ulimwamini mama yako, ukafungua, ukapima mara tatu, ukaandika namba, ukawasha injini. Nilikaa jikoni nnasikia kisu kinavyokwenda juu ya shaba, sauti moja, haikatiki, na nikajua kwa sauti ile kwamba unakereza vizuri kuliko siku zote. Ningeliinuka nikatembea hatua kumi. Nikahesabu kichwani: mti umepungua kiasi gani, labda haukupungua, labda maji yameurudisha. Na Bi Zuwena yumo barazani mwake anasikiliza. Sikuinuka.

Mbarak alikuja kuichukua jioni. Aliigeuza bushi kwenye mwanga, akaipitisha juu ya shavu lake, shaba ilivyolainika. "Mashallah, mashallah," akasema, halafu akakwambia, "Mwaka huu watoto wangu watakula tende kwa ajili yako." Nikamwitikia kwa sauti kubwa, ijulikane.

Yaliyobaki unayajua, lakini unayajua kutoka upande wako. Bushi ilicheza ndani ya tundu. Kurudi Matrah ni siku mbili, na kurudi kwao ni siku mbili nyengine, na mitende ilikuwa imekwisha kuinamisha makuti. Akaikata bati ya mkebe wa samli akaizungushia bushi, ikakaza. Pampu ikatoa maji siku tatu. Siku ya nne bati ikatafunwa, mhimili ukaanza kupiga huku na huku, ukakatika, na gurudumu la ukanda likaruka likamkuta kifuani, naye ameinama kufungua mfereji. Hakufika usiku.

Watu walipokuja kutuliwaza walisema kosa ni la bati. Asingelitia bati, walisema. Neno lile nililishika kama mtu anayezama. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Lakini asingelitia bati kama bushi ingelikaa, na bushi ingelikaa kama nisingelitaka Bi Zuwena aone.

Siku aliyokuja Humud, ndugu yake Mbarak, nilikuwa nnafagia. Sikumjua. Alisimama, akafungua kilemba chake, akatoa bushi, akaiweka kizingitini pale. Hakupiga kelele. "Ilikuwa inacheza," akasema, "kama pete ya mtu mwengine kwenye kidole." Halafu akakutazama wewe, umesimama na mafuta mikononi. "Mungu asiubariki mkono wako juu ya chuma." Akaenda zake. Wewe ukaitazama mikono yako. Nikakuona unaitazama.

Na baba yako akainuka kitandani. Alikuwa haendi peke yake hata uani, lakini siku ile alikuja akiushika ukuta. Akataka bushi, akaipapasa. Akakuuliza, "Ulipima mara ngapi?"

"Mara tatu, baba."

"Kizibo kiko wapi?"

Ukageuka kwenye waya, kizibo hakipo. Ukanitazama miye. Nikasema, "Nimekikokea moto. Nilidhani kazi yake imekwisha."

Hakuna kizibo kilichowahi kukokewa moto nyumba ile, Khalfan. Viko mia na zaidi ukutani, na kilichopotea ni hicho tu. Baba yako alinigeuzia uso na macho yake ya ukungu. Halafu akakwambia wewe, taratibu, "Basi ulikosea kusoma." Ukasema, "Ndiyo, baba." Ukaufungua ukanda wa injini, na tangu siku ile haijawashwa.

Sijui kama alijua. Hilo ndilo linaloniamsha. Kama hakujua, amekufa akidhani mwanawe hakupima sawa. Kama alijua, amekufa amenifichia siri kwa kukutwisha wewe, na sijui lipi zito zaidi. Siku chache kabla ya kufa aliniita. Nikasema moyoni, sasa, mwambie sasa. Yeye akaniwahi. "Maikromita usimpe," akasema. "Itamuumiza." Nikamfunika shuka. Nikamuuliza kama anataka maji.

Nisingelikuandikia hayo yote kama ningeliona umesahau. Nilingojea usahau. Niliona vijana wa umri wako wanafikwa na mabaya, wanacheka tena mwaka wa pili. Wewe hukucheka. Ulikuwa ukipita karibu na kerezo unaweka mikono nyuma. Mara moja nilikuona umesimama mbele ya ule ukuta wa vizibo, unavisoma namba zake kimoja kimoja, unatafuta ulikosea wapi. Ulikuwa unatafuta makosa katika kazi zisizokuwa na makosa. Nikatoka nje nikajitia nnaanika nguo, na nguo zenyewe hazikuwepo. Wewe hata siku moja hukunishuku. Umejishuku mwenyewe tu, miaka miwili, kila siku, na miye nnakutilia chai.

Leo asubuhi nilivaa buibui langu nikaenda sokoni, kwa Humud. Anauza ndimu kavu pale karibu na mlango wa chini, unamkwepa kila siku, nnajua. Kiarabu changu unakijua, kinachechemea, lakini leo kilikwenda. Nikachutama mbele ya makapu yake nikamweleza yote, ukuta, jua, ndoo, uongo wa kwanza na wa pili. Aliacha kuchambua ndimu. Nikamwambia, "Nitukane. Nimekuja unitukane."

Hakunitukana. Akaniuliza, "Mwanao anajua?"

"Bado."

Akatazama mikono yake, kama ulivyoitazama wewe siku ile. "Miaka miwili, mama," akasema, "kila sala namwombea mabaya kijana yule. Nianzie wapi kuyarudisha?"

Miye, Thuweba, ninayejibu kabla sijaulizwa, nikainuka nikajipangusa vumbi. Nikaondoka na makapu yake yakinitazama. Nilipofika kona akaniita. Nikadhani sasa ndiyo matusi yanakuja. Akasema, "Mwambie kabla hajaondoka. Usimwambie kwa barua ya mbali." Yeye hajui kama unaondoka kesho. Au anajua, Matrah haifichi kitu.

Maneno yake yalinikuta pabaya, maana kusudio langu lilikuwa hilohilo. Tangu juzi nnaiandika barua hii kichwani, na kichwani niliiweka chini kabisa ya kasha, chini ya kanzu, chini ya viatu, uikute ukishafika Kuwait, jangwa na bahari vikiwa baina yetu, na hasira yako ikishindwa kunifikia. Halafu nikaona ni kitambaa kilekile cha maji. Nakifunga kitu, nakirejesha mahala pake, nakupa, najitia sijui.

Kizibo sikukikokea moto. Kiko hapa. Kimekuwa chini ya kasha langu la nguo miaka miwili, nimekifunga kwenye kanga. Bushi nayo iko hapa, niliichukua jioni ile kabla hujaitupa baharini kama ulivyokusudia. Na maikromita ya baba yako iko hapa. Aliniambia nisikupe kwa sababu itakuumiza. Iliyokuumiza si hiyo, na ninayejua ni miye, kwa hivyo kwa hili simfuati.

Juzi nimeipima bushi. Mara tatu, kama ulivyofanya. Kichwani mwa kizibo kuna namba kwa mkono wako, mbili nukta moja moja nne. Bushi ni mbili nukta moja moja nne. Haikuzidi, haikupungua. Nikakipima na kizibo chenyewe, nacho sasa kimesinyaa, chembamba kuliko bushi, na ule ufa umefunguka, unaingia ukucha. Mti uliendelea kupungua gizani, na shaba yako haikusogea hata unywele. Niliposoma mara ya tatu nikapiga kigelegele, wallahi, peke yangu chumbani, halafu nikakumbuka nimekipigia nini, nikakaa chini.

Kukusifu sijuti, na usiniombe niache, maana sitaweza. Kuwait kote watasikia, mjomba wako ntamwandikia miye mwenyewe. Ninachojuta ni kwamba nilikusifia kwa kitu cha mtu mwengine, kitu alichoniaminia kwa mikono miwili. Mtu akikuletea kipimo, mwanangu, muulize kimepita mikononi mwa nani kabla hakijakufika. Akikasirika, akasirike. Hata akiwa mama yako. Muulize na mara ya pili.

Usinisamehe kwa sababu unaondoka. Nisingependa msamaha wa mtu aliyeona gari linamngoja. Na kama utanichukia, nichukie, lakini usiuchukie mkono wako, kwa sababu mkono huo ndio kitu pekee kilichosema kweli nyumba hii siku zile. Magunia ya saruji mtu yeyote anabeba. Huyo mwenye makerezo sita hajui nani anakuja kwake. Wewe umjulishe. Kwanza ujijulishe mwenyewe.

Mwanga umeanza kwenda na milango ya mji haitachelewa. Vitu vyote vitatu nimeviweka juu ya kasha lako, juu ya kanzu nyeupe, huwezi kufunga bila ya kuvishika. Barua ntakupa mkononi ukiingia tu, kabla hujavua viatu, nisije nikapata la kukuuliza nikaahirisha. Halafu ntakwenda kukaa kizingitini, pale Humud alipoiweka bushi.

Soma. Halafu pima. Anza na bushi, kisha isome namba yako, kisha upime mti. Sitageuka nyuma kukutazama, mara hii sitaki kushuhudia kitu ili nikisimulie. Ukitaka kuja kukaa nami, pana nafasi ya wawili. Ukitaka kunipita, nitakunja miguu upite.

Nnasikia watu wanarejea uchochoroni, na kikohozi kimoja nnakijua.

Mama yako,
Thuweba

Kizibo nimekiacha wazi. Sikukifunga kitambaa.